Matofali Yangu Sita

Jumatatu, tarehe 4

Nyumba mpya leo. Yaani nyumba kuukuu, kazi ndiyo mpya. Matofali mekundu, umri miaka arobaini. Mwenyewe ni nesi mstaafu, tunamwita Mama Nesi. Anataka ionekane ya kisasa. Fundi kamwambia ukuta wa mbele wote upigwe plasta na rangi nyeupe, isipokuwa mkanda mmoja chini ya dirisha la sebuleni. Hapo matofali yaachwe wazi, kwa urembo. Mkanda nimepewa mimi.

Maagizo: matofali ya zamani niyasugue kwa brashi ya waya mpaka yawe kama mapya. Yale sita ya kuzibia nyufa ni mapya; hayo niyapake masizi mpaka yawe kama ya zamani. Nikamwuliza Fundi, sasa ikiwa ya zamani yanakuwa mapya na mapya yanakuwa ya zamani, si bora tuyaache kila moja na hali yake? Akaniambia nibebe ndoo. Pimamaji akacheka mpaka akakaa chini. (Huyu ni kibarua mwenzangu. Siku moja Fundi alimshikisha pimamaji, ile ya kupimia kama ukuta umenyooka, hajairudisha mpaka leo. Anajiona injinia.)

Mchana mke wangu kapiga simu. Kaka yake ana safari huku Jumamosi, atapita kuiona nyumba. Nyumba ipi? Ile niliyomwandikia, "nimeanza nyumba ya matofali, ikiisha utaipenda." Mama mkwe ameshawatangazia majirani! Nilimaanisha nimeanza kazi. Nikafungua mdomo nimweleze. Mdomo ukasema karibuni sana. Sijui una nini mdomo huu.

Jumanne, tarehe 5

Nimewaza kutwa. Miaka miwili niko mbali na kwetu, sijapeleka habari hata moja ya maana. Shemeji akinikuta na ndoo, nimekwisha. Mpango: sitasema nyumba ni yangu. Wala sitasema si yangu. Nitamwonyesha matofali sita tu, kazi ya mkono wangu, safi kiasi kwamba atasahau kuuliza mengine.

Tatizo, masizi hayashiki. Yanapukutika kama unga. Nikakumbuka shati langu jeupe lililomwagikiwa na chai, halijatakata mpaka leo. Na birika la saa nne la Mama Nesi lilikuwa limebaki nusu. Nikachanganya na masizi, nikapaka. Rangi yenyewe! Fundi akapita, akasema "mmh". Fundi hasemi "mmh" ovyo ovyo.

Jumatano, tarehe 6

Chai ilikuwa na sukari.

Sisimizi! Msafara mmoja kutoka kwenye bomba la maji mpaka chini ya dirisha, na wamejaa kwenye matofali yangu sita, si kwingine. Mama Nesi akatoka, akauliza nyumba yake imeanza kuoza au vipi. Nikamwambia ni dalili kwamba tofali limekolea. Sijui nilimaanisha nini. Pimamaji akaja na chombo chake, akakilaza juu ya msafara, akatangaza kwamba sisimizi wangu hawajanyooka, wameinama kushoto. Fundi akacheka, na Fundi hacheki.

Nikaosha yote kwa sabuni. Nikaanza upya. Nikamwomba Mama Nesi chai isiyo na sukari. Akauliza tangu lini kibarua anakunywa chai hivyo. Nikasema daktari amenikataza. Kosa! Akaanza unesi wake: nasikia kiu? Nakwenda haja ndogo mara ngapi? Akanikalisha kibarazani, akanipima presha, mikono yangu ikiwa myeusi tii kwa masizi. Iko juu. Sishangai.

Ijumaa, tarehe 8

Mkanda umekwisha. Fundi akarudi nyuma hatua kumi, akafumba jicho moja, akasema hajui lipi jipya, lipi la zamani. Sifa hiyo nimetembea nayo mpaka saa kumi. Pimamaji hakunisemesha. Raha iliyoje.

Wakati wa kukusanya vyombo nikautazama tena. Hata mimi sijui lipi jipya! Nikahesabu mapya kutoka kushoto, nikapata manne. Kutoka kulia, tisa.

Jumamosi, tarehe 9

Shemeji kafika saa tatu na koti lake. Kaleta zawadi kutoka kwa mama mkwe: kitasa. Kipya, funguo tatu, cha mlango wa mbele. Nilikipokea kwa mikono miwili. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama Nesi alikuwa sokoni, heri. Nikampeleka shemeji mpaka chini ya dirisha, nikamwambia atazame kazi yangu. Akasema anaona ukuta. Nikasema humo mna matofali sita yangu. Akauliza, na mengine ya nani? Nikasema tuanze na haya sita. Haya, yapi? Nikagusa moja. Pimamaji, juu ya ngazi, akapaza sauti kwamba hilo la zamani. Nikagusa jingine. Na hilo, baba.

Nikachukua maji niyaoshe, ule upya utokeze. Haukutokeza. Nikashika brashi ya waya. Nimefika tofali la nane, natoka jasho, Mama Nesi akatokea getini na kapu lake. Akapiga kelele: we baba we, ukuta wangu umekukosea nini?

Shemeji akarudia polepole: "Wangu?"

Basi. Mama Nesi akamweleza yote, pamoja na presha. Shemeji hakugomba, angegomba ningepumua. Alikunywa chai, akakiacha kitasa mkononi mwangu, akasema nimweleze dada yake mwenyewe, kwa maneno yanayoeleweka. Fundi kaniamuru niyapake upya yale manane. Kwa hiyo sasa yangu ni manane, na haya angalau nayajua.

Jumapili, tarehe 10

Nimempigia mke wangu asubuhi. Nimesema kweli tupu: nyumba ni ya nesi, mimi ni wa kusugua, nina matofali manane. Nikasikia analia kidogo. Akauliza kwa nini sikusema tangu mwanzo. Nikasema nilisema, ila kilichofika ni kingine. Akaniambia nyumba hakuniomba. Anachotaka, nikimwambia kitu, ajue ni kitu gani. Nikaapa. Kuanzia leo maneno ya wazi tu.

Akauliza, na kesho? Fundi amepata kazi ya duka kuukuu karibu na stendi, linatakiwa lipewe sura mpya. Nikamjibu wazi kabisa: kesho naanza duka.

Jamani, ile furaha! Nikamsikia anamwita mama yake. Akasema kumbe kitasa hakikupotea bure. Halafu akauliza tutauza nini. Swali sikulielewa vizuri, lakini alikuwa ametoka kulia, sikutaka kumkatisha.

Nikasema sukari.