Mwisho wa Jini wa Kaunta ya Tatu

Jumatatu, 4 Machi

Mama mkwe yuko nasi hadi Jumamosi, mguu juu ya stuli, bandeji mpaka gotini. Hatimaye tumepata kitu cha kutupatanisha: tamthilia ya saa kumi na moja jioni, ya yule jini aliyechoka kukaa kwenye chupa akaajiriwa ofisini, kaunta ya tatu. Anatimiza haja za watu, ila kwanza wajaze fomu, nakala tatu. Leo mzee mmoja aliomba kurudishiwa ujana. Akaambiwa alete picha mbili za pasipoti, za ujanani. Mama mkwe akacheka mpaka fimbo ikaanguka. Sijawahi kumwona akicheka hivyo nyumbani kwangu.

Halafu akasema imetokana na riwaya, na wifi yangu, msomi yule, lazima ameisoma. Akasikitika kwamba kwake hana televisheni, mwisho ataukosa.

Nikasema mimi nimeisoma. Yote.

Mume wangu akaacha kutafuna. Anajua niliishia darasa la saba, na kitu pekee nilichowahi kusoma mpaka mwisho ni kadi ya kliniki ya mtoto.

Jumanne, 5 Machi

Mwalimu jirani anayo! Mungu si Athumani. Kaniazima kwa sharti irudi kama ilivyotoka. Nimetazama namba ya mwisho: kurasa 436. Mtoto alipolala mchana nikasoma, kidole chini ya mstari. Alipoamka nilikuwa ukurasa wa tisa. Jini bado yumo kwenye chupa.

Mama mkwe akauliza kama jini atamwoa yule karani wa ofisini mwake. Nikasema atamwoa, tena harusi kubwa. Jioni jini akanyimwa kibali cha ndoa kwa kukosa cheti cha kuzaliwa. Nikasema watu wa televisheni hupenda kubadilishabadilisha. Akanitazama kama anavyotazama nyanya sokoni.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata njia ya mkato. Nimeanzia nyuma! Ukurasa wa mwisho: jini anakunja koti lake, anaiaga kaunta ya tatu, anarudi kwenye chupa. Nikampelekea mama mkwe habari hiyo pamoja na chai.

Chai hakuinywa. Jioni akasema tuzime televisheni. Kisha, uso ukutani, akanieleza kwamba alipokuwa msichana aliazimwa riwaya ileile, mwenye kitabu akaja kukichukua yeye akiwa katikati ya kukisoma. Akaolewa, akazaa, akazika mume. Miaka arobaini yote akimwaza jini yupo tu pale kaunta, anagonga mihuri.

"Sasa macho yangu hayaoni herufi," akasema. "Nilidhani nimepata macho mengine. Bora ungeniacha nisijue."

Nilitaka heshima. Nimemnyang'anya mtu rafiki yake.

Alhamisi, 7 Machi

Nikifagia chini ya kitanda cha mtoto nikakuta karatasi zilizotafunwa. Moyo paa! Nikakimbilia kitabu. Kinaishia 430. Mwanangu ana meno mawili tu, na ameshinda kurasa sita.

Kwa hiyo ule haukuwa mwisho. Mwisho umeliwa. Nimekagua hata nepi. Hakuna kinachosomeka.

Kimesalia kipande kimoja, ukubwa wa kiganja chake. Nikaenda nacho kwa mama mkwe na kumweleza yote: sikuisoma, niliogopa wifi, nilianzia nyuma, mjukuu wake kamalizia. Akaomba nimsomee kipande. Maneno matano: jini akafungua dirisha la kaunta.

Akaniambia nirudie. Nikarudia.

"Anayeondoka hafungui dirisha," akasema. "Yupo." Kisha akajifuta macho. "Lete kitabu tuanze mwanzo. Na huyo mla vitabu mlete nimpakate."

Ijumaa, 8 Machi

Cherehani yangu ya kushonea nguo za wateja haijaguswa siku nzima. Tumefika ukurasa wa 31. Mama mkwe kasema nasoma kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe. Nikainamisha kichwa.

"Lakini unavuka," akasema. "Endelea, mwanangu."

Mwanangu! Miaka miwili nilikuwa mke wa mwanawe. Nimeapa, mkono juu ya kichwa cha mtoto: siongopi tena.

Jumatatu, 25 Machi

Mama mkwe kapiga simu; kwa simu hiyohiyo nilimsomea jini kila jioni mpaka tukafika ukurasa wa 430. Mguu umepona, anatembea bila fimbo. Wifi kamwambia kuna tamthilia mpya inaanza, ya malkia aliyegombana na taji lake, nayo imetoka kwenye riwaya. Akauliza kama naijua.

Nikasema nimeisoma. Mara mbili.

Nikasikia kama anacheka. Akasema basi atakuja Jumamosi, nimsimulie.

Mwalimu anayo, ila anasita. Bado anakigeuzageuza kile nilichomrudishia. Hii ya malkia ina kurasa mia sita na kumi, na mwanangu sasa ana meno manne.