Ahadi Zangu Zote, Zisogezwe Mbele

Jumatatu, tarehe 4 Agosti
Nimempata Katibu! Si mtu, ni programu ya akili bandia ndani ya simu. Huwajibu wateja huku mimi nikishona, au nikifikiria kushona. Leo kaongezewa uwezo mpya: anahariri hata ujumbe niliokwisha kuutuma. Ahadi ni deni, walisema wahenga. Hawakuwahi kumiliki cherehani.

Kaja wakati wake. Mdogo wa mke wangu anaolewa Jumamosi, na gauni nashona mimi. Nilimwandikia zamani aje Jumanne kulijaribu. Jumanne ni kesho. Gauni bado ni kitambaa. Kizuri sana, lakini kitambaa. Nimemwagiza Katibu: pale penye Jumanne, paandikwe Alhamisi. Kwisha!

Jumanne, tarehe 5
Shemeji kaja hivyo hivyo. Nikamwomba, kwa upole wa mtu mwenye haki, asome tena ujumbe wangu. Akasoma. Akauliza hiki kineno cha chini, "umehaririwa", kimetoka wapi. Ala! Sikuwa nimekiona. Nikasema ni mambo ya mtandao tu. Akacheka, akasema ananipenda sana shemeji yake, ila gauni lisipokuwa tayari ataolewa amejifunga mapazia ya kibandani kwangu. Akaondoka akichungulia kwa Mkasi, fundi wa ng'ambo ya barabara. Mkasi hachelewi hata siku moja. Mtu wa namna hiyo ana lake jambo.

Nimewaza. Kineno kile chini ya ujumbe mmoja ni ushahidi. Chini ya ujumbe wote ni mapambo! Nimemwamuru Katibu: ahadi zangu zote, kwa watu wote, zisogezwe mbele siku mbili. Kauliza kama nina hakika. Nikamuuliza fundi hapa nani.

Jumatano, tarehe 6
Raha iliyoje! Hakuna mteja aliyekuja kugomba. Nimekata kitambaa. Nimeshona mkono mmoja, na mkono wenyewe umekaa.

Mchana mke wangu kapiga simu: mama yake yuko wapi? Lo! Nilikuwa nimemwahidi mama mkwe kumpokea stendi leo. Kumbe simu yake sasa inasema Ijumaa. Mama wa watu kafungua mzigo wake, kakaa nyumbani, kanijibu tu, "Sawa, baba." Afadhali angenitukana. Na vifungo vya gauni vimo ndani ya mzigo huo.

Alhamisi, tarehe 7
Maji yamezidi unga. Mimi ndiye niliyewaalika ndugu wote wa upande wa bibi harusi. Niliwaandikia kwamba nitawapokea mlangoni Jumamosi. Hiyo nayo ni ahadi! Katibu kaipeleka Jumatatu. Ukoo mzima unaamini harusi imesogezwa, na unamshukuru mke wangu kwa kuwajulisha mapema.

Shemeji kalia. Hakunigombeza, alikaa tu juu ya kiti cha wateja akilia, akisema ataingia ukumbini peke yake. Moyo ukaniuma kweli. Huyu mtoto nimemshonea sare tangu darasa la kwanza.

Nikasema Katibu atarekebisha mara moja. Mke wangu akaninyang'anya simu, akamfuta Katibu, akanirudishia. Akasema nitawapigia wote mmoja mmoja kwa mdomo wangu, maana mdomo haufutiki. Nimepiga mpaka sauti imekauka. Baba mkubwa alicheka hadi akapaliwa.

Ijumaa, tarehe 8
Mama mkwe kaja na gari la kwanza. Salamu, maji, kisha moja kwa moja kwenye cherehani ya pili. Mkasi naye kavuka barabara na pasi yake. Nani kamwita? Kakunja pindo la gauni vizuri mno. Inaudhi.

Jumamosi, tarehe 9
Ukumbi umejaa! Gauni limemkaa shemeji kama alizaliwa nalo. Kaninong'oneza asante, nikasingizia vumbi limeniingia jichoni. Mama mkwe kamwambia kila mtu kwamba mkwewe ndiye aliyeshona. Mkono wa kushoto, alioushona yeye, hakuutaja. Mungu ampe maisha marefu.

Jumapili, tarehe 10
Asubuhi mke wangu kaandika kwenye kundi la familia: "Gauni kashona mume wangu, fundi bora mtaani." Nimesoma nikiwa nimesimama. Nimerudi mchana kusoma tena, nikakuta: "Gauni kashona mume wangu, na mama, na Mkasi." Umehaririwa! Nikasikia anacheka jikoni.

Mimi nami nimeomba radhi kwa ukoo: "Kosa lilikuwa langu." Wamenijibu kwa mapenzi, sikutegemea. Basi mke wangu alipojilaza kidogo, nimemrudisha Katibu. Kwa kazi moja tu. Wakishasahau, aandike kwamba kosa lilikuwa la mtandao.

Mteja kauliza suruali yake ni lini. Nimemjibu kesho asubuhi, bila wasiwasi. Kitambaa chenyewe sijui nimekiweka wapi, lakini Katibu yupo.