Lehemu ya Babu

Jumamosi, 1 Machi

Sijawahi kumwambia mtu yeyote hili: kuna maneno ambayo huwa najifanya nayajua. Nikikutana na neno la aina hiyo mbele za watu, natikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani, kisha naendelea kusoma. Nyumba nzima inaniita Msomi. Nifanyeje?

Leo Babu ametimiza wiki mbili tangu atoke hospitali. Mshipa mmoja wa moyo uliziba, ukazibuliwa. Amepewa dawa ya kumeza kila asubuhi: kapsuli moja, nusu nyekundu nusu nyeupe, na ndani yake dawa mbili kwa pamoja. Shangazi ni mwokaji mikate, anatoka alfajiri. Kwa hiyo alitangaza kwamba lazima awepo msimamizi wa dawa. Binamu yangu Spika (tunamwita hivyo kwa sababu ya sauti yake) akanyoosha mkono na kusema yeye ndiye wa kwanza wa Biolojia darasani, kila mtu anajua. Mimi nilichukua tu karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa nikaanza kuisoma polepole. Babu akasema basi, msomi wangu huyu hapa, mjadala umefungwa. Spika akanikata jicho. Sijapata kukatwa jicho tamu kama lile!

Ila kuna neno moja. Karatasi inasema dawa "hupunguza lehemu katika damu."

Nilitikisa kichwa.

Jumapili, 2 Machi

Nimefungua kamusi. Lehemu: madini laini yanayoyeyushwa ili kuunganishia nyaya na vyuma. Kulikuwa na maana ya pili, lakini kona hiyo ya ukurasa imeliwa na mende.

Babu ni fundi redio. Miaka arobaini! Tangu nizaliwe namwona ameinama kwenye meza yake ya kazi, chuma cha kulehemu mkononi, uzi wa moshi ukipanda taratibu hadi kwenye ndevu. Moshi huo ulikuwa unaenda wapi? Ndani! Nilifumba macho nikaiona damu ya Babu kama mto mwembamba. Kingo zake zilikuwa zimeganda fedha tupu, zinameremeta, na chini ya maji mtangazaji alikuwa anasoma habari kwa sauti ya upole. Ilikuwa picha nzuri mno. Na ndiyo iliyokuwa inamuua.

Nimekata shauri. Nitamwokoa Babu.

Jumatatu, 3 Machi

Nimeficha chuma cha kulehemu kwenye begi la shule, kati ya Historia na Jiografia. Nilipanga kusema sijakiona. Lakini Babu alikitafuta mpaka akapiga magoti chini ya meza, mzee mzima, na uvumilivu ukanishinda. Nikamweleza yote. Moshi, mto, fedha. Alinisikiliza kama anavyosikiliza redio mbovu: kichwa upande, macho kafumba. Alipoyafumbua akasema ni kweli, siku zote amekuwa akihisi kifuani kitu kizito, kama chuma.

Nilisisimka hadi kwenye ncha za vidole. Sayansi!

Spika alikuwa mlangoni. Akapaza sauti kwamba tumechanganyikiwa wote wawili, kwamba lehemu ya kwenye damu ni mafuta. Mafuta! Nikamwambia atuonyeshe palipoandikwa. Akasema kaambiwa na mwalimu. Nikamwambia mwalimu si kitabu. Babu akacheka hadi akakohoa, akasema hapo, mwanangu Spika, umefungwa goli la kisigino.

Ushindi. Chai ya leo ilikuwa na ladha ya ushindi.

Jumanne, 4 Machi

Balaa. Babu naye amefikiri, tena peke yake.

Hakumeza kapsuli. Anasema dawa ni ya kupunguza lehemu. Sasa kama havuti tena moshi wa lehemu, dawa itapunguza nini? Ikikosa lehemu itaanza kula nyama. Nikamwambia karatasi imesema kila siku. Akasema karatasi iliandikiwa watu ambao bado wanalehemu. Nilitafuta kosa katika hoja hiyo. Sikuliona. Niliijenga mwenyewe, tena kwa ufundi.

Nimegundua anapoiweka. Kuna kabati la droo ndogondogo za vipuri, na kapsuli imelala kati ya vijidude vya rangirangi vya redio, kama imezaliwa humo. Nilisimama nikiitazama. Nilidhani nasikia inapiga miluzi kwa mbali, kama redio kabla haijashika stesheni.

Shangazi alirudi na unga kwenye nyusi akauliza kama baba yake kameza. Nikasema ndiyo. Lilitoka lenyewe!

Jumatano, 5 Machi

Mpango wa pili. Nimeifungua kapsuli ya leo nikamimina kilichomo kwenye chai ya Babu, nikakoroga, nikaongeza sukari vijiko vitatu. Uso wangu ulikuwa mtulivu kama wa nesi.

Babu alionja. Akaitazama chai. Akasema, "Msomi, chai hii ina ladha ya betri." Akalimwagia ua la kwenye kopo dirishani, akaomba nyingine.

Spika aliokota ganda jekundu la kapsuli kwenye ndoo ya taka akauliza ni nini. Nikasema peremende. Akasema ajabu, peremende yenye namba za kiwandani. Sasa ananifuata kila chumba, kimya. Spika kimya! Ni jambo la kutisha kuliko makelele yake.

Ua bado zima. Limesimama vizuri hata kuliko jana.

Alhamisi, 6 Machi

Nitaandika kwa kifupi.

Nilitoka shule saa tisa. Vumbi lilikuwa linaelea kwenye mwanga wa dirisha la Babu, na redio zote zilikuwa zimezimwa. Babu alikuwa ameegemea meza, kiganja kifuani, uso rangi ya majivu. Akasema si kitu, Msomi, kizito tu, kitapita. Niliisikia sauti yake kama inatoka stesheni ya mbali sana. Nilitaka kuita mtu. Mdomo ulifunguka, sauti ikagoma.

Spika alipita kando yangu akatoka barabarani akapiga ukelele mmoja. Mmoja tu! Fundi magari wa ng'ambo ya barabara alikuja na gari la mteja, mlango mmoja haufungi, nikaushikilia kwa mikono miwili hadi hospitali.

Walimbandika Babu nyaya kifuani. Kwenye kioo cha mashine moyo wake ulikuwa mstari wa kijani, unapanda, unashuka, unapanda. Nilihesabu. Niliogopa kwamba nikiacha kuhesabu utanyooka.

Daktari alisema safari hii mshipa haujaziba, tumebahatika, ila atabaki hadi kesho. Akauliza kama anameza dawa. Shangazi akajibu kila siku, bila kukosa. Na Spika akanitazama. Alinitazama tu. Angepiga kelele ningevumilia.

Nikasema hapana. Tangu Jumanne. Nikasema yote, moshi na mto na kamusi na chai. Shangazi alikaa chini polepole. Daktari aligeukia ukutani akakohoa muda mrefu, mabega yakimtikisika.

Ijumaa, 7 Machi

Babu ameruhusiwa. Kabla ya kuondoka tulikalishwa mbele ya mfamasia, mama mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisema lehemu ya kwenye damu ni aina ya mafuta. Yakizidi, hujibandika ndani ya mishipa na kuipunguzia njia. Babu akauliza, kwa hiyo si ile ya redio? Mama akasema, "Hapana, mzee wangu. Zimefanana jina tu." Babu alionekana kusikitika kidogo. Nadhani na yeye aliupenda ule mto.

Nusu ya pili ya kapsuli inazuia damu isigande pale mshipa ulipotengenezwa. Mtu akiikatiza ghafla kwa akili yake, damu inaweza kuganda papo hapo na moyo ukasimama. Alisema hayo akinitazama mimi. Hakuna kuacha hadi daktari aseme acha.

Nikajitutumua, nikapendekeza Babu ameze tatu kwa mpigo, kufidia. Mama aliweka kalamu mezani. Akasema siku iliyopita imepita, haifidiwi, wala mbili hazimezwi pamoja. Kapsuli inamezwa nzima kwa maji, haifunguliwi. Nikatazama sakafu. Babu asinunue dawa ya mgongo dukani bila kuuliza. Akienda kung'oa jino, amwambie daktari wa meno kwanza. Misuli ikiuma bila sababu, choo kikiwa cheusi, damu ikitoka ikagoma kukatika, ni hospitali moja kwa moja. Spika aliandika yote. Mwandiko wake mbaya, lakini aliandika.

Mama aliendelea kueleza jinsi nusu ile ya pili inavyofanya kazi, akaanza na vitu vidogo vya ndani ya damu vinavyoshikana na kuigandisha. Hapo jua lilikuwa limeingia kwenye chupa za rafuni, za kahawia na za buluu, na ukuta mzima ukawa kama maji. Nikapotea kidogo. Nilirudi aliposema neno nisilolijua niulize, yeye yupo kila siku isipokuwa Jumapili.

Babu akauliza kama anaweza kulehemu. Akaambiwa afungue dirisha.

Njiani Shangazi alinishika bega. Nilidhani atanipiga. Akasema, "Ningempoteza baba yangu kwa neno moja, wee mtoto. Neno moja!" Halafu akalia, na mimi nikalia, na Spika akatuambia tunyamaze, watu wanatutazama. Spika!

Usimamizi wa dawa umehamishiwa kwake.

Jumamosi, 8 Machi

Babu amemeza kapsuli saa moja asubuhi mbele ya Spika, akafungua mdomo kuonyesha. Rangi imemrudi usoni. Baada ya hapo Spika alimsomea ile karatasi mwanzo hadi mwisho kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Babu alivumilia. Spika alipotoka, Babu akanong'ona kwamba sikio linamwasha, nimsomee tena, taratibu, kama zamani.

Nimesamehewa! Nilivuta kiti. Dirisha lilikuwa wazi, moshi wa lehemu unatoka nje kwa adabu. Nilisoma kwa makini, kila neno, kama mtu aliyefunzwa na dunia. Nikafika kwenye nusu ya pili. "Huzuia chembe sahani kushikamana."

Chembe sahani.

Nilifikiria kwenda kumuuliza mfamasia. Ni mwendo wa dakika kumi. Lakini Jumamosi benchi lake linajaa, na wote wangenisikia nikiuliza. Hakukuwa na haja. Safari hii nilichunguza kamusi ukurasa kwa ukurasa, na kurasa zote mbili ni nzima, hazijaguswa na mende. Chembe: kipande kidogo sana cha kitu. Sahani: chombo bapa cha kulia chakula.

Nilienda jikoni nikainua sahani zetu za bati kwenye mwanga. Zote zimebanduka rangi nyeupe ukingoni. Zote! Tumekula humo tangu Shangazi akiwa msichana. Vipande hivyo vyeupe vilikwenda wapi? Mfamasia hakutuuliza hata tunalia chakula kwenye chombo gani.

Sikumwambia Babu, asije akafikiri peke yake. Nilizifunga sahani zote kumi na moja kwenye magazeti, nikazitia kwenye boksi, nikalisukuma chini ya kitanda changu. Mchana ulipofika nilimpakulia Babu chakula kwenye mfuniko wa sufuria. Shangazi aliuliza sahani ziko wapi. Nikamwambia nimeziloweka.