Safari ya Mkuu Kwenda Ulaya

Ilitangazwa rasmi, mbele ya bendera na mbele ya wanafunzi wote wa Chuo cha Biashara cha Mkondoa, mjini Kilosa, kwamba tatizo la ushirikiano limekwisha. Mkuu wa Chuo, Bwana Onesphory, alitangaza hayo akiwa amesimama juu ya kreti la soda ili aonekane vizuri. Soko lilikuwa huria, kila kitu ruksa, na chuo, ambacho mpaka juzi kilikuwa kinafundisha mambo ya ushirika, kilikuwa kimepata kibao kipya na mashine ya nukushi, ile ya kutuma karatasi kwa waya wa simu. Kuanzia siku hiyo wanafunzi wa Kilosa wangefanya kazi yao ya mwisho pamoja na wenzao wa tawi la Mikumi bila kuonana. Kikundi kisicho na watu wa pande zote mbili kisingepata vyeti.

Mashine ilikuwa moja, nayo ilikuwa Kilosa. Hilo lilishafikiriwa. Awamu ya kwanza ya mradi ilikuwa ya kutuma. Ya kupokea ingefuata kadiri uchumi utakavyoruhusu. Wanafunzi wakapanga foleni, karatasi ikaingia upande huu na kutokea upande ule, Mkuu akaigonga mhuri wa IMETUMWA, kisha akamrudishia mwenyewe.

Ziada, aliyeongoza kikundi kimojawapo, alirudi ofisini kuuliza kwa adabu karatasi zake zimefika wapi, maana Koileken, mwenzake wa Mikumi, alikuwa hajaona kitu.

"Zimekwenda," alisema Mkuu. "Kufika ni suala la awamu ya pili."

"Na vyeti, mwalimu?"

"Vyeti ni awamu ya kwanza."

Ili mashine isikose kazi, Mkuu alipiga marufuku wanafunzi wa pande hizo mbili kukutana ana kwa ana. Ambaye angebainika angefukuzwa chuo. Mkuu hakuwa na roho mbaya, masikini. Alikuwa na hamu ya Ulaya tu. Wakuu wenzake walishakwenda Ulaya wote, wakarudi wakisema "kule kwa wenzetu" hata wanapoomba chumvi mezani, na yeye alikuwa amechoka kuitikia kwa kichwa. Ombi lake lilikuwa wizarani: aende Ulaya akajifunze jinsi wanafunzi wanavyoshirikiana. Lingejibiwa mkaguzi akishaona matunda ya nukushi. Koti la baridi alishanunua, zito, la kijivu, la mtumba. Mchuuzi alimwapia kwa jina la mama yake kwamba limetoka Ulaya wiki ile ile. Mkuu alikuwa akilivaa ofisini ili alizoee, na jasho lote lililomtoka alilichukulia kuwa ni maandalizi.

Mkaguzi akaja, Bi Tumwagile, mama wa maneno machache. Mkuu alimweleza awamu zote mbili, akamwonyesha mashine, halafu akamkabidhi kazi ya pekee iliyokamilika: ya Ziada na Koileken, ambaye aliitwa kutoka Mikumi kwa ajili ya ukaguzi. Ilihusu bei ya maziwa ya wafugaji kwa wakata miwa wa Ruhembe. Mama akaisoma mpaka mwisho, kisha akauliza imekuwaje mstari mmoja una miandiko miwili, huyu anaanza sentensi, yule anaimalizia.

Mkuu alisema hayo ndiyo maajabu ya nukushi. Mama akamgeukia Ziada.

Ziada aliogopa kwelikweli. Akisema kweli, anafukuzwa. Akinyamaza, wadogo zake watakuja kupanga foleni kwenye mashine ile ile. Alimtazama Koileken, Koileken akatazama kandambili zake.

"Tulikuwa tunakutana Ulaya, mama."

Mkuu alicheka, tena kwa sauti. Ziada akafafanua kwamba ni Ulaya hii hapa, kata ya katikati ya njia ya Mikumi, siku za gulio. Yeye alikwenda kwa baiskeli, Koileken kwa lori la mahindi, wakakaa nyuma ya mabanda ya mitumba wakiandika.

Mkuu akaacha kucheka. Alisema basi hawa wawili wamejifukuza wenyewe.

"Mkuu," alisema Bi Tumwagile, "si uliomba kwenda Ulaya kujifunza jinsi wanafunzi wanavyoshirikiana?"

"Naam, mama."

"Ombi limekubaliwa. Gulio ni lini?"

"Kesho, mama," alisema Koileken.

"Na vyeti vyao wapewe leo. Si umesema ni awamu ya kwanza?"

Asubuhi majirani walijaa uani kumuaga, maana mke wake alishatangaza mtaa mzima kwamba Ulaya imejibu. Waliagiza saa na redio. Kwa kuwa walikuja kuliona koti, ilibidi alivae. Ziada alimwazima baiskeli.

Alifika Ulaya vumbi tupu, koti limeloa mgongoni, akaiegemeza baiskeli nyuma ya mabanda. Mchuuzi mmoja wa mitumba akamkazia macho, akasogea.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba."

Mchuuzi alishika pindo la lile koti, akalikung'uta vumbi kwa huruma.

"Si nilikwambia limetoka Ulaya?" alisema. "Lakini huku wenyewe hatuvai, mzee. Huku joto."