Ng'ombe Mwenye Dirisha Ubavuni

Jumatatu, 6 Mei

Mkuu wa chuo ametangaza leo wakati wa chai. Atakayeshinda jaribio la malisho ndiye mkuu mpya wa kitengo cha mifugo, na nyumba ya kitengo ni yake. Vyumba vitatu, jiko, choo cha ndani! Mimi na mke wangu tunalala chumba cha nyuma kwa mama mkwe, ukuta mmoja na banda la kuku. Kila asubuhi mama mkwe hugonga mlango kuuliza kama bado nipo hai. Sauti yake haina wasiwasi wowote. Ile nyumba lazima niipate.

Washindani wawili tu. Mimi, mkufunzi wa siku nyingi. Na shemeji, mdogo wake mke wangu, ambaye nilimfundisha mwenyewe darasani kutofautisha utumbo mwembamba na utumbo mpana. Alikuwa hajui. Leo ameniambia nisikate tamaa.

Jaribio lenyewe halina utata. Chuo kina ng'ombe aliyetobolewa ubavu na daktari wa mifugo, akawekewa kizibo cha mpira. Jina lake Dirisha. Ukichomoa kizibo unaingiza mkono hadi begani ndani ya tumbo lake la kwanza, lile kubwa, na yeye anaendelea kula kana kwamba anayechokorwa ni ng'ombe mwingine. Kila mshindani anajaza malisho yake katika vifuko vya nailoni, anavifunga kamba na kuvitumbukiza humo. Baadaye vinatolewa, vinakaushwa, vinapimwa. Malisho yaliyopungua zaidi yameshinda. Ng'ombe hawezi kuyeyusha nyasi mwenyewe. Vinavyoyeyusha ni vijidudu vinavyoishi tumboni mwake. Yeye anameza, anacheua, anatafuna tena, anapata sifa. Hapa chuoni namjua mtu wa namna hiyo, na ana ofisi yenye zulia.

Jumanne, 7 Mei

Vifuko vimeingia asubuhi. Vya shemeji vina kamba nyekundu, vyangu bluu. Mimi nimeweka mabua ya mahindi yaliyolowekwa. Yeye ameweka majani ya kunde na pumba. Nilinusa vifuko vyake alipogeuka. Vilinukia vizuri mno, hata mimi nilisikia njaa.

Nikapata wazo.

Vijidudu vya tumboni ni kama watoto kwenye sherehe. Ukivimwagia wanga mwingi kwa mara moja vinaufakamia, tumbo linachacha, uchachu unapanda, kisha vinakufa vyenyewe. Jambo hili nimelifundisha mpaka nimelichoka. Vijidudu vikifa, majani ya kunde ya shemeji yatabaki kama yalivyoingia.

Mchana, wenzangu wote wakiwa kwenye chakula, nilimpa Dirisha ndoo nzima ya unga wa mahindi kutoka stoo ya mama mkwe. Akala wote. Akalamba ndoo, akanilamba na mkono. Ni kiumbe pekee aliyenishukuru mwaka huu.

Jioni mama mkwe akauliza unga wake umekwenda wapi. Nikasema panya. Akasema panya anayebeba ndoo nzima ana bidii kuliko baadhi ya watu anaowalisha. Mke wangu akacheka. Nalala na njaa kwa hiari yangu.

Jumatano, 8 Mei

Siku mbaya. Naandika mkono ukinuka.

Asubuhi nilikuwa na darasa la mwaka wa kwanza. Mada: chakula kinavyosafiri katika wanyama wenye uti wa mgongo. Nilikuwa na furaha, nikafundisha vizuri kupita kawaida. Nikaeleza kuku asiye na meno, anayesaga punje kwa mawe ndani ya firigisi. Nikaeleza nyoka anayemeza panya mzima na kumwachia tumbo kazi yote. Nikaeleza kwa nini mla nyama ana utumbo mfupi na mla majani ana utumbo mrefu. Nikafika kwa ng'ombe na vyumba vyake vinne, nikachora, nikaonya juu ya unga. Msichana wa dawati la mbele akauliza: vijidudu vikifa, malisho yaliyomo tumboni yanakuwaje? Nikasema yanakaa tu, kama mizigo stesheni ambayo gari lake limeharibika. Akauliza, yote? Nikasema yote, yawe ya nani, tumbo ni moja.

Chaki ikanidondoka.

Vifuko vyangu! Vyangu navyo vimo mle mle!

Nikaliacha darasa, nikakimbia hadi zizini. Dirisha amesimama kichwa chini, anasaga meno, ubavu wa kushoto umetuna. Hacheui. Kinyesi majimaji, harufu ya siki. Nikachomoa kizibo ili nitoe unga kwa mkono. Gesi ikanipiga usoni, na baada ya gesi ukafuata uji. Nilikuwa ndani hadi kwapani, ninatapika, Mkuu wa chuo alipotokea na wageni wake wawili. Akauliza nafanya nini. Nikasema uchunguzi.

Shemeji akaja mbio. Akavaa glavu ndefu, akakomba tumbo mpaka unga ukaisha, akamwaga maji ya magadi kuua ule uchachu. Kisha akamshika ng'ombe mzima wa zizi la pili, akapitisha mpira kooni mwake, akavuta maji ya tumbo lake kwenye ndoo. Yalikuwa ya kijani, ya vuguvugu, yamejaa vijidudu hai. Akaniomba nimshikie faneli ayamimine tumboni mwa Dirisha.

Nikashika faneli. Mbele ya wageni, mbele ya darasa langu zima lililokuwa limenifuata. Mkufunzi wa siku nyingi, ameshika faneli. Msichana wa dawati la mbele alikuwa anaandika.

Alhamisi, 9 Mei

Dirisha ameanza kucheua leo asubuhi. Watu wamesimama zizini wakimwangalia anavyotafuna kama wanaangalia mpira. Mama mkwe amesikia habari sokoni. Amechinja kuku kwa ajili ya mwanawe. Mimi nimepata shingo.

Ijumaa, 10 Mei

Mkuu amefuta jaribio. Amesema hana haja ya mizani, ameshaona nani anajua tumbo. Cheo kwa shemeji. Nyumba kwa shemeji. Shemeji hana hata mke! Vyumba vitatu atavifanyia nini, atabingirika humo?

Mke wangu hakunigombeza. Alikaa ukingoni mwa kitanda akaniambia kwa upole kwamba alikuwa amekwisha kushona mapazia ya nyumba ile. Sikujua. Amempelekea mdogo wake. Hilo limeniuma kuliko faneli.

Jumapili, 12 Mei

Shemeji alikuja jioni. Akaniita nje, karibu na banda la kuku. Akasema alipoingiza mkono tumboni mwa Dirisha aliushika ule unga, na pembeni ya zizi aliiona ndoo ya mama yake, ile yenye mpini wa waya. Akaelewa. Mkuu alimuuliza nani kamlisha ng'ombe unga, akajibu kwamba kifuniko cha pipa la nafaka kiliachwa wazi. Amenikingia kifua kwa ajili ya dada yake. Akasema kama angejua mapema jinsi dada yake anavyoitamani nyumba ile, asingeshindana nami. Akasema tuhamie wote kwake mwisho wa mwezi, yeye chumba kimoja kinamtosha, mapazia yameshatundikwa. Macho yalimlengalenga.

Nilimshukuru. Nikamsindikiza hadi barabarani.

Nimerudi ndani, sipati utulivu. Mtu mwenye cheo kipya, mwenye nyumba, ananipakaje mafuta namna hii bila sababu? Nimegeuza maneno yake huku na huku, na sasa nimeona. Amemdanganya Mkuu wa chuo! Pipa la nafaka halikuachwa wazi hata mara moja. Mkuu wa kitengo anayeficha ukweli kuhusu mali ya chuo hafai kuwa mkuu wa kitengo.

Kesho, kabla ya chai, nitakuwa mlangoni kwa Mkuu. Nitamweleza kila kitu. Unga, ndoo, saa ya chakula, mkono uliomlisha. Shemeji atakiona cha mtema kuni.

Nimemwambia mke wangu asizoee sana wazo la vyumba viwili. Tutachukua vyote vitatu.