Maji ya Unga Katika Tangi la Dizeli

Ho, Jumamosi, tarehe 14 Februari

Kwa Mama Mkaguzi wa Mabasi, Accra.

Shikamoo, mama. Naahidi kukueleza yote, bila kuongeza wala kupunguza. Baba yangu, Efo Dotse, mtunza tangi la dizeli la mabasi ya mji wetu wa Ho, alisimamishwa kazi jana kwa kosa la "kuvuruga hotuba ya uzinduzi". Mwalimu wetu ametufundisha kuandika imla upesi, nami nilikuwapo na daftari. Hotuba yote ni hii. Yaliyo katika mabano ni ya umati, na niliyoyaona mwenyewe.

"Mheshimiwa Togbe, chifu wetu uliyeketi, na nyinyi machifu wengine ambao viti havikuwatosha, wachungaji wa makanisa yote, pamoja na yale yasiyosalimiana, wakuu wa idara, makaimu wakuu wa idara, na wanaowakaimu makaimu, madereva, makondakta, abiria mliofika, na abiria mlio njiani kwa sababu basi lenu limezimika (kicheko), mabibi na mabwana! Mimi, Mhandisi wa Heshima, Daktari Fortune Kpodo-Agbeko, Mkurugenzi wenu, mtoto wa nne kwa baba yangu lakini wa kwanza kwa maono (makofi, meza kuu tu), nasimama mbele ya tangi ambalo kwa miaka kumi na tisa limetunzwa kizamani, yaani mtu mmoja kufungua bomba la chini kila alfajiri, akatoa maji na tope jeusi mpaka dizeli ije safi, utaratibu usio na mpango mkakati, usio na semina, wala nembo!

Leo tunazindua Mradi Shirikishi wa Usafi Endelevu wa Matangi, ambao kwa mujibu wa takwimu nilizozikadiria mwenyewe umeongeza usafi kwa asilimia mia moja na arobaini. (Daavi Abla, muuza akple, ugali wetu wa mahindi: 'Hiyo arobaini imemwagikia wapi?') Imehifadhiwa, mama! Tazameni rangi! Lilikuwa na kutu, leo ni jeupe kama jino. (Dereva: 'Na ndani je?') Ndugu dereva, bwana harusi hukaguliwa ini? Hukaguliwa suti! Ndani ni suala la awamu ya pili.

Sasa, kwa mujibu wa ratiba, tuwaalike wazee waliotutangulia kwa tambiko. Msemaji wa Togbe, mimina maji ya unga. (Msemaji: 'Nimimine wapi, mheshimiwa? Ardhi yote mmeisakafia.') Swali zuri, linaloonyesha uelewa. Unga wa mahindi utaacha madoa kwenye sakafu mpya, kwa hiyo kamati imeelekeza baraka ziingie moja kwa moja kwa mlengwa. Leteni ngazi! (Msemaji: 'Wazee wako ardhini. Humo tangini hakuna babu yangu hata mmoja.') Basi nipe kibuyu, nitamimina mwenyewe. (Anapanda. Baba anasimama: 'Mheshimiwa, nakuomba, usifungue! Maji yatashuka chini, unga utaoza, na Jumatatu mabasi yote yatazimika!') Bwana Dotse, unawanyima wahenga kinywaji? (Baba: 'Wahenga hawanywi dizeli, mheshimiwa.' Kicheko kirefu.) Umesimamishwa kazi, kuanzia dakika hii! (Kibuyu kinamiminwa chote. Daavi Abla: 'Haya, tangi nalo limepata uji.')

Nikiendelea nikiwa huku juu, kwa kuwa mpiga picha ameichukua ngazi, naahidi kwamba kuanzia sasa kila tone la maji litajaza fomu kabla ya kuingia, na kila tope litapewa siku kumi na nne za kujieleza. Basi letu halitazimika tena, litapumzika kimkakati. Nikisema Tangi, semeni Safi! Tangi! ('Lini?') Tangi! ('Shuka kwanza!') Asanteni kwa hamasa.

Kwa kumalizia, nawashukuru wataalamu wa kusafisha, ambao nitafurahi sana kuwafahamu siku tutakapowatafuta. Naishukuru kamati ya mradi, ambayo ni mimi. Na zaidi ya wote namshukuru fundi rangi, mtu pekee aliyewahi kufanya jambo lolote katika mradi huu, ingawa alikuwa amekuja kupaka ukuta wa jirani. Asanteni sana. Ngazi, tafadhali."

Hapo ndipo hotuba ilipoishia, mama. Ngazi ilirudishwa baada ya wageni kunywa soda.

Baba hana hasira. Anasema maji yakitulia siku mbili huwa yameshuka yote chini, na kwa saa moja tu ataweza kuyatoa pamoja na unga wake, mpaka dizeli itoke safi. Lakini mlinzi ameagizwa asimruhusu kuvuka lango, na hakuna mwingine anayejua bomba lile linavyofunguliwa bila kuvunjika. Mabasi yatajazwa mafuta Jumatatu saa kumi na moja alfajiri. La kwanza huwapeleka wauguzi wa zamu hospitalini.

Dereva aliyekuletea barua hii anarudi Ho kesho mchana, na amekubali kusubiri mlangoni kwako mpaka umalize kuandika kibali. Je, mama, baba aingie?

Elikem Dotse