Mashine ya Kusaga kwa Miguu

Jumatatu, 1 Machi 1993
Umeme hakuna tangu Noeli. Karakana ya reli imefungwa, waporaji wamebeba hata milango. Leo mke wangu Constance amesema, bila hasira, na hilo ndilo linalonitisha: ndoo yetu ya mwisho ya mahindi isiposagwa kuwa unga kufikia Jumamosi, anachukua watoto na kwenda Kasenga kwa kaka yake Bwalya. Huko angalau kuna samaki. Alitaka kuazima kinu kwa jirani atwange mwenyewe. Nimekataza. Kinu! Mimi niliyepaka grisi magari-moshi miaka kumi na tisa! Nina mpango.

Jumanne, 2 Machi
Muhindo mfanyabiashara ameniazima mashine yake ya kusaga. Bila umeme ni chuma tu kwake. Nimeiunga kwa mkanda na gurudumu la nyuma la baiskeli. Kwanza, grisi. Karakanani tulipaka kila kinachogusana. Nimepaka mkanda pande zote mbili. Nimekanyaga pedali saa nzima. Gurudumu linakimbia, mkanda unateleza, mashine haina habari. Jirani Adolphine, anayefundisha fizikia bila mshahara, alichungulia juu ya ua: “Papa Elisée, mukanda inavuta sababu inashika. Sasa ukipaka mafuta, itashika nini?” Nani kamwuliza?

Jumatano, 3 Machi
Nimeosha mkanda kwa majivu. Si kwa sababu ya Adolphine. Unashika! Lakini pedali ni nzito mno, mawe mawili ya kusagia ndani ya mashine yanasuguana. Nimeyatenganisha kidogo. Wepesi wa ajabu! Mahindi yameingia mazima, yametoka mazima, yenye afya njema. Adolphine akasema jiwe lisilogusa punje haliwezi kuivunja. Mwanamke huyu husema mambo ambayo kila mtu anayajua, tena kwa sauti.

Ijumaa, 5 Machi
Jana mvua kutwa. Leo nimerudisha mawe yagusane. Unga! Kikombe kimoja kwa saa mbili. Constance ametabasamu, mara ya kwanza tangu Noeli. Kisha nikagusa jiwe. Linaunguza! Adolphine anadai nguvu ya miguu yangu inapita kwenye mnyororo na mkanda, na mawe yakisuguana, nyingine inageuka joto. Wizi mtupu! Nilale njaa ili jiwe liote moto? Nimepaka grisi katikati ya mawe, kidogo tu, nikamwaga mashineni ndoo yote ya mahindi, nikakanyaga usiku kucha.

Jumamosi, 6 Machi
Unga ni mweusi. Unanuka treni. Mbwa ameinusa bukari, ugali wetu wa asubuhi, kisha akaniangalia mimi. Constance alisema neno moja tu: “Mi sikuomba mashine. Niliomba bunga.” Saa nne asubuhi amepanda lori la wauza samaki na watoto wote watatu. Hakugeuka. Nimelia, niandike ukweli. Adolphine ameleta sahani ya chakula bila kunifundisha chochote. Hilo limeniudhi kuliko yote.

Jumapili, 7 Machi
Nimeamua. Nakwenda Kasenga kwa baiskeli, siku tatu au nne. Nitapiga magoti mbele ya shemeji, nitakubali makosa yote, Constance atarudi. Tatizo ni breki. Zinalia vibaya, na mtu mzima hafiki ukweni kwa makelele. Nimezichunguza vizuri: mpira unasuguana na chuma cha gurudumu! Hakuna aliyewahi kuliona hilo. Nimepaka grisi iliyobaki yote. Kimya kabisa. Na wanasema njia ya Kasenga, kuelekea mto Luapula, ni mteremko mtupu, kwa hiyo nitawahi kufika.